Baharia Wangu na Nchi Zisizoonekana Kwenye Ramani

Msomaji wangu, nikikuuliza mji mkuu wa Visiwa vya Marshall ni upi, utanijibu nini? Simu weka chini kwanza, tusidanganyane. Hapa ofisini niliwauliza watu sita. Watano walinitazama kama mtu aliyeamka na homa, wa sita akauliza kama ni Marshall yule wa maspika ya muziki. Jibu ni Majuro. Wala usidhani nina akili nyingi za jiografia, maana somo hilo tuliagana kidato cha nne na hatujasalimiana tena. Nalijua jina hilo kwa sababu liliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe kwenye tezi ya meli iliyokaa na mume wangu miezi 14.

Kwa wasiojua mambo ya bahari, niwape darasa fupi. Kila meli inayokwenda nje lazima isajiliwe na nchi fulani, ipeperushe bendera yake, na bandari ya usajili iandikwe nyuma, kama vile gari linavyobeba namba. Mwenye meli anaweza kuwa Mgiriki, nahodha Mhindi, mabaharia Wafilipino na Mtanzania mmoja wa kuwachekesha. Ukiwa ndani, sheria inayokuhusu ni ya nchi ya bendera. Sasa Visiwa vya Marshall viko katikati ya Pasifiki, vina watu kama 42,000, yaani kuna kata hapa Dar zinawazidi. Lakini kwa usajili wa meli ni mojawapo ya nchi tatu kubwa kabisa duniani, pamoja na Liberia na Panama. Na kazi yenyewe ya kusajili inafanyika Virginia, Marekani! Mume wangu hajakanyaga Majuro hata siku moja. Meli yake nayo hajawahi kusikia imefika huko.

Kabla hujacheka, na sisi tumo. Zanzibar inasajili meli za nje chini ya bendera ya Tanzania, na mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera yetu, nyingine ya Tuvalu, wakati Iran imewekewa vikwazo. Ikawa kelele mpaka Marekani, na meli hizo zikafutiwa usajili. Luxembourg, ambayo bahari inaiona kwenye televisheni tu, inasajili meli tangu 1990. Na kwa mnaopanga harusi: mwaka 2011 kampuni ya Cunard ilihamisha usajili wa meli zake za starehe kutoka Uingereza kwenda Bermuda, na faida mojawapo ni kwamba sheria ya Uingereza haimruhusu nahodha kufungisha ndoa melini, ya Bermuda inamruhusu. Bendera tu hiyo imebadilishwa, bwana harusi na bibi harusi ni wale wale.

Mume wangu ni mhandisi wa mitambo kwenye meli za mzigo wa kichele. Nafaka, makaa ya mawe, mbolea, vitu vya namna hiyo. Nilipoolewa naye mashoga zangu waliniuliza kama nimefikiria vizuri, nami nikajibu kwamba kuna wanawake wana waume wanaolala nyumbani kila siku na bado hawajui walipo. Jibu zuri, lilinyamazisha watu. Tatizo lilikuja kwenye simu.

Wenye wapenzi wa mbali mnaijua simu ninayoisema. "Umekula?" "Nimekula." "Kazi?" "Inaenda." "Mama hajambo?" "Hajambo." Halafu kimya, unasikia injini inavuma upande ule na jirani anapiga taarabu upande huu. Unakata ukiwa na upweke kuliko kabla hujapiga. Miezi mitatu ya namna hiyo na mnakuwa kama watu wawili wanaojaza fomu.

Ndipo siku moja ukaingia ujumbe bila salamu wala mpenzi: "Nchi gani tatu zimezungukwa pande zote na nchi moja tu? Usiulize mtandao." Nilikasirika kidogo, nikajibu. Lesotho nilikuwa nayo, Vatican nayo, ya tatu ikanisumbua siku nzima. Dada mmoja wa kitengo cha matangazo alishikilia kwamba ni Swaziland, ambayo siku hizi ni Eswatini, lakini ile ina mpaka na Msumbiji. Jioni nikaipata: San Marino, kilomita za mraba 61 ndani ya tumbo la Italia. Nikaituma, na chini yake nikaweka swali langu. Usiku ule tuliongea dakika 40, na hakuna aliyeuliza mwenzake kama amekula.

Mchezo ukapata sheria. Swali moja kwa siku. Nchi iwe ndogo, isiyosemwa kwenye taarifa ya habari. Atakayeshindwa ndiye atampigia mama mkwe Ijumaa, na mama mkwe wangu akishika simu haiachi. Nilijifunza mambo, jamani. Kwamba Kiribati hutamkwa "Kiribas", kwa sababu kwao "ti" ni "s", na kisiwa chao cha Kiritimati ni Christmas tu imeandikwa kwao. Kwamba visiwa vyao vimetapakaa hivi kwamba mstari wa tarehe uliwakata katikati, upande mmoja Jumapili na mwingine Jumatatu, mpaka mwaka 1995 wakausogeza, na tangu hapo wao ndio wa kwanza duniani kuingia mwaka mpya. Kwamba Liechtenstein ilifika Olimpiki ya 1936 Berlin ikakuta bendera yake inafanana kabisa na ya Haiti, ikarudi nyumbani kuongeza taji. Hiyo ilikuwa yake. Mimi nikamrudishia na ya kwangu: Liechtenstein hiyo hiyo, benki kila kona, wanawake wake walipata haki ya kupiga kura ya taifa mwaka 1984. Akaandika, "Acha utani." Nikamwambia nenda kaulize mtandao.

Kuna siku mchezo ulitusaidia kwenye pesa, na hapa ndipo wanandoa wengi tunapotoana macho. Baharia hapokei kama sisi. Anarudi na fungu la miezi, na likishasikika mtaani, hata binamu wa binamu ana mradi wa kuku. Safari ile yeye alitaka gari kubwa, mimi nilitaka tumalizie kiwanja cha Kigamboni. Hatukuelewana siku tatu. Ya nne nikamuuliza habari za Nauru.

Nauru ni kisiwa kimoja, kilomita za mraba 21, watu kama 12,000, hakina hata mji mkuu rasmi. Kilikuwa kimejaa fosfeti, udongo wa mbolea ambao Waingereza, Waaustralia na Wanyuzilandi waliuchimba kwa raha zao. Walipopata uhuru Januari 1968, Wanauru wakaushika mgodi wenyewe, na miaka ya 1970 wakawa miongoni mwa watu wenye kipato kikubwa kabisa duniani. Wakajenga jengo la ghorofa 52 kule Melbourne. Wakaanzisha shirika la ndege. Mwaka 1993 fedha zao ziliingia hata kwenye mchezo wa jukwaani London, wa nyimbo, kuhusu maisha ya kimapenzi ya Leonardo da Vinci, ambao ulifungwa baada ya wiki chache. Fosfeti ikaisha. Jengo la Melbourne likauzwa mwaka 2004 kulipa madeni, na sehemu kubwa ya katikati ya kisiwa imebaki miamba mitupu isiyolimika. Mume wangu alisoma yote hayo, akakaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye Nauru?" Sikumjibu. Msingi wa Kigamboni ulimwagwa mwezi uliofuata. Gari lilikuja baadaye, dogo.

Basi nilidhani ni mchezo wa kupitisha muda. Mwaka 2020 ukanionyesha vingine.

Aliondoka Oktoba 2019 kwa mkataba wa miezi 9, binti yetu ana mwaka mmoja na nusu. Angerudi Julai. Mnajua kilichotokea Machi. Bandari zikafungwa, ndege zikasimama. Meli zenyewe hazikusimama, maana dunia ilikuwa bado inakula, lakini mabaharia hawakuruhusiwa kushuka kwenda uwanja wa ndege. Mwishoni mwa mwaka ule walikadiriwa mabaharia 400,000 waliokwama kazini baada ya mikataba yao kuisha. Mmoja wao alikuwa wangu.

Julai ikapita. Agosti. Kila nikipiga kwa wakala aliyempeleka, ananijibu, "Subiri dada, tunashughulikia," kwa sauti ya mtu anayekula. Sheria ya kimataifa ya kazi za mabaharia inasema mtu asikae melini miezi 12 mfululizo, lakini mwaka ule nchi zenye bendera zilikuwa zinatoa ruhusa za kurefusha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kijina cha Majuro hakikuwa swali la chemsha bongo. Ile ndiyo serikali ya mume wangu. Yenye kumruhusu au kumkataza ni nchi ambayo sisi tuliichekea kitandani.

Nikaanza kuisoma kama mtu anayesoma ukoo wa mkwe. Visiwa na matumbawe yaliyosambaa baharini, ukiyakusanya yote unapata kilomita za mraba 181 tu za nchi kavu. Uhuru wa mwaka 1986, kwa makubaliano maalumu na Marekani. Na kabla ya hapo, Bikini. Ndiyo, lile vazi la kuogelea lina jina la kisiwa chao. Julai 1946 Wamarekani walianza kulipua mabomu ya nyuklia Bikini, baada ya kuwahamisha wenyeji 167 na kuwaambia ni kwa faida ya binadamu wote. Siku chache baadaye Mfaransa, Louis Réard, akazindua nguo yake ya vipande viwili Paris na kuiita hivyo, kwa sababu ndilo jina lililokuwa magazetini. Wanawake duniani tumeivaa na kuibishania miaka yote, na wenye kisiwa mpaka leo hawajarudi kuishi kwao. Mabomu yalikuwa 67 mpaka mwaka 1958. La Machi 1, 1954 lilikuwa na nguvu karibu mara 1,000 ya lile la Hiroshima, na majivu yake yaliwaangukia watu wa kisiwa cha jirani, Rongelap. Watoto waliyachezea. Walikuja kuhamishwa baada ya siku mbili.

Niliyasoma hayo saa nane za usiku, binti amelala kifuani. Sikumtumia kama swali.

Nilichomtumia ni ramani. Manahodha wa kale wa visiwa hivyo walitengeneza ramani za vijiti, vya chelewa kama ile ya mifagio yetu, wakavifunga pamoja kuonyesha mawimbi yanavyopinda yakikaribia kisiwa, na kauri ndogo zikawa visiwa vyenyewe. Swali langu lilikuwa: ramani hiyo ilikaa wapi chomboni? Akajibu, mbele, omoni. Nikamwambia hapana. Haikupanda chomboni kabisa. Nahodha aliisoma nchi kavu mpaka ikamkaa kichwani na mwilini, akaondoka, ramani ikabaki nyumbani. Alichukua muda mrefu kujibu. Kadi ya intaneti ya melini ilikuwa ya kuhesabu, nikadhani imeisha. Kisha akaandika, "Nipigie video, nione nyumba." Nikatembea na simu chumba hadi chumba, jikoni, bafuni, mpaka kwenye ndoo za maji.

Tulikuwa tunaomboleza peke yetu, kumbe kuna wenzetu. Kiribati wana chuo chao cha mabaharia kule Tarawa, na vijana wao wengi wanafanya kazi kwenye meli za Wajerumani. Pesa wanazotuma ndizo zinazolisha familia visiwani. Mwaka 2020 Kiribati ilifunga mipaka kabisa ili ugonjwa usiingie, na ikafanikiwa kweli, lakini mabaharia wake wakabaki nje, wengine Ujerumani kwenyewe, kwa zaidi ya mwaka. Hao hawakuwa wamezuiwa na bendera ya watu. Walizuiwa na kwao. Nilikuwa nikiamka usiku nawaza wake zao, wale wa Jumatatu wakati mimi bado niko Jumapili, nao wana mkwe wa kumpigia Ijumaa.

Alirudi Desemba. Miezi 14 kasoro siku. Alisimama mlangoni na begi, amekonda, ndevu zimejaa. Binti alimwangalia, akajificha nyuma ya gauni langu. Nikamwambia, "Ni baba huyo." Akaenda mbio chumbani, akaleta simu yangu, akainyanyua kumwonyesha mgeni kwamba baba yake yumo humu. Mume wangu ni mtu wa utani, lakini siku ile alikaa chini sakafuni na viatu vyake na hakuna aliyesema kitu.

Machi 2021 ukaja mkataba mwingine wa miezi 9, nikasema hapana. Nilisema hapana ya kweli, si ile ya kubembelezwa. Akaniambia nchi kavu atalipwa robo. Nikamwambia robo ya baba ni bora kuliko baba robo. Akaniambia hiyo ni maneno ya kwenye gazeti. Wiki nzima mama mkwe akiwa msuluhishi, na Mungu amzidishie, kwa sababu alimwambia mwanawe, "Wewe mtoto wako anakuita anko, unataka nini zaidi?"

Kilichotutoa hapo, usicheke, ni San Marino. Wale hawana rais mmoja. Wana wakuu wa nchi wawili kwa pamoja, wanaitwa Makapteni, na wanatawala miezi 6 tu: wanaapishwa Aprili 1 na Oktoba 1, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1243. Hakuna anayezoea kiti. Andorra nao wana wakuu wawili, askofu wa Hispania na rais wa Ufaransa, lakini wale wako mbali wote wawili, nyumba inajiendesha, nikaona huo si mfano wa kuiga. Tukachukua wa San Marino. Mikataba ya miezi 6, basi, hata kama kampuni inayoitoa inalipa pungufu kidogo, na ndivyo ilivyokuwa. Na miezi anayokuwa nyumbani yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja, anapeleka mtoto shule, anajua chanjo, anajua deni la dukani. Hakuna "mgeni wetu amerudi" wala kuchinjiwa kuku kila Jumamosi.

Kuna kipengele kingine tumekichukua, nacho ndicho kinachonifurahisha. San Marino, Makapteni wakimaliza muda wao, raia wanapewa siku chache za kupeleka malalamiko juu ya waliyoyafanya na waliyoshindwa kuyafanya. Nasi kila anapokaribia kuondoka tunakaa mezani kusikiliza kesi.

Ya mwezi huu ilikuwa juzi. Binti, ambaye sasa anasoma na kuandika, alileta karatasi: baba anasuka nywele zikaumiza, na mama husema "dakika moja" akiwa na kompyuta halafu zinakuwa nyingi. Mimi nililalamikia taulo, na nikalalamikia pia kwamba akibakiza wiki mbili kuondoka anaanza kunyamaza, kana kwamba ameshapanda meli. Hilo alilikubali. Yeye alilalamika kwamba akinitumia ujumbe wa mapenzi namrudishia nimeusahihisha herufi. Hilo nililikataa, ndiyo kazi niliyosomea.

Anaondoka tarehe 9. Meli mpya imeandikwa Valletta nyuma, yaani Malta. Binti kauliza Malta na kisiwa cha Mafia kipi kikubwa. Nimemwambia Mafia, na hajaniamini, amekwenda kutafuta rula.